Somo: Kuishi na Kusoma Kuala Lumpur, Kuanzia Barua ya Udahili Hadi Chumba cha Kupanga

Somo hili ni kwa wanachama waliopata nafasi ya kusoma Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, na sasa wanaulizana waanze na lipi. Matatizo mengi yanayowakuta wanafunzi wetu kule hayatokani na ugumu wa masomo wala ugeni wa nchi, bali hutokana na kufanya mambo sahihi kwa mpangilio usio sahihi: tiketi kabla ya idhini, malipo ya chumba kabla ya kukiona, safari kabla ya pasipoti kurudi. Kwa hiyo naomba hatua hizi zifuatwe kama zilivyopangwa.

Hatua ya kwanza: idhini kabla ya tiketi

Barua ya udahili ya chuo haikupi ruhusa ya kuingia Malaysia kusoma. Baada ya kuipata, chuo kwa kawaida hupeleka ombi lako kwa EMGS, taasisi inayoshughulikia maombi ya wanafunzi wa kigeni, na Idara ya Uhamiaji ikiridhika hutolewa barua ya idhini. Hiyo ndiyo barua ya kusubiri. Andaa nakala za kurasa zote za pasipoti, hata zile tupu, kwa sababu wengi hutuma ukurasa wa picha peke yake na faili lao hurudishwa. Picha iwe na mandhari meupe. Mwambie mpiga picha mapema, maana studio zetu nyingi zimezoea kuweka kitambaa cha bluu.

Utasikia watu wakishauri uingie kama mtalii, kisha ubadilishe hadhi ukiwa huko. Usiwasikilize. Utaratibu wa Malaysia unataka idhini itangulie, na anayejaribu njia ya mkato huishia kununua tiketi ya kurudi.

Hapo hapo, tazama kwenye ramani mahali chuo kilipo. Vyuo vingi tunavyovitaja kuwa vya Kuala Lumpur viko nje ya mji wenyewe, katika jimbo la Selangor: UPM (Chuo Kikuu cha Putra Malaysia) iko Serdang, UKM (Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Malaysia) iko Bangi, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 1983 na kinachofahamika sana kwa Waislamu wa pwani yetu, kiko Gombak. Chuo Kikuu cha Malaya ndicho kilicho mjini, na kituo chake cha treni kinaitwa Universiti.

Hatua ya pili: chanjo, fomu na mizigo

Msafiri anayetoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya ugonjwa huo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo chanjo ya dakika za mwisho haisaidii. Kibebe kwenye mkoba wa mkononi. Aidha, tangu Januari 2024 wageni hujaza fomu ya kuwasili ya kidijitali, iitwayo MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo haina malipo. Tovuti ikikudai fedha, funga ukurasa huo utafute ya serikali.

Kuhusu mizigo sina mengi. Plagi zao ni zile zile za pini tatu tulizozizoea, kwa hiyo chaja zako zitafanya kazi bila kifaa cha ziada. Beba sweta moja, si kwa ajili ya hali ya hewa bali kwa ajili ya maktaba na madarasa, ambamo kiyoyozi huendeshwa kana kwamba kuna samaki wa kuhifadhi. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu yeyote, hata akiwa jirani wa miaka mingi: sheria ya dawa za kulevya ya Malaysia bado ina adhabu ya kifo, ingawa tangu mwaka 2023 si ya lazima tena.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza

Ndani ya siku saba za kuwasili unapaswa kupimwa afya katika kliniki iliyoidhinishwa, hata kama ulipimwa nyumbani. Baada ya hapo chuo huchukua pasipoti yako ili ikamilishiwe pasi ya mwanafunzi, na inaweza kukaa huko kwa muda. Kabla ya kuikabidhi, toa nakala zake na uombe barua ya chuo inayoeleza iliko, kwa kuwa polisi wanaweza kukusimamisha barabarani na kutaka kitambulisho. Katika kipindi hicho usipange safari ya Singapore, hata kama wenzako wote wanakwenda.

Hatua ya nne: chumba

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Desturi ya upangaji ni kulipa amana ya miezi miwili, amana ya maji na umeme ya nusu mwezi, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba cha ringgit 800 (ringgit ni sarafu ya Malaysia) kwa mwezi kitahitaji ringgit 1,600, kisha 400, kisha 800, yaani ringgit 2,800 kabla hujanunua hata mto. Mwanafunzi anayekuja na bajeti ya kodi ya mwezi mmoja hukwama hapo hapo. Ndiyo maana nashauri muhula wa kwanza ukae bweni la chuo, ikiwa nafasi ipo.

Ukienda kupanga, usilipe kwa picha. Nenda mwenyewe, ukiweza alasiri mvua inaponyesha, utazame dari lina madoa ya maji au la. Fungua bomba, uangalie kama chumba kina dirisha la nje, kwa sababu baadhi ya vyumba ni sebule iliyokatwa kwa mbao na humo joto halitoki. Uliza waziwazi kama umeme wa kiyoyozi umo ndani ya kodi. Aliyezoea LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hushtuka hapa, kwani nyumba nyingi hulipa bili baada ya kutumia, na matumizi ya mwezi mzima hudaiwa kwa mkupuo. Dai mkataba wa maandishi uliopigwa muhuri wa ushuru, na siku ya kuhamia piga picha kila mkwaruzo, kwa sababu bila hizo mwenye nyumba atakata amana yako kwa kasoro ulizozikuta.

Hatua ya tano: maisha ya kila siku

Mji uko takribani nyuzi 3 kaskazini mwa Ikweta, hivyo hakuna kipupwe cha kusubiri. Mvua za radi za alasiri huja karibu mwaka mzima. Kero kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni moshi wa mioto ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ambao miaka mingine hufunika anga kati ya Juni na Oktoba. Kipimo cha uchafuzi wa hewa kikipita 100, mazoezi ya nje yaachwe.

Chakula hakitakusumbua. Kwenye vibanda vya nasi campur unajipakulia wali na mboga, kisha muuzaji anatazama sahani na kutaja bei. Kipande cha samaki ndicho kinachoipandisha, kwa hiyo uliza kwanza. Chai ya maziwa huja na sukari nyingi, nawe ukisema “kurang manis” itapunguzwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwandishi, asante kwa somo. Je, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ili ajilipie ada?

Jibu: Usiijengee ada hesabu hiyo, ndugu yangu. Kazi huruhusiwa wakati wa likizo inayozidi siku saba, si zaidi ya saa 20 kwa wiki, katika sehemu maalumu kama migahawa, hoteli na vituo vya mafuta, na kwa kibali kinachoombwa kupitia chuo. Hata katika sehemu hizo, kazi ya keshia hairuhusiwi.

Swali: Nimesikia kuna kadi ya treni ya ringgit 50 kwa siku 30. Nitaipataje?

Jibu: Hiyo ni My50, na ni ya raia wa Malaysia. Wewe tumia kadi ya Touch 'n Go, na ukipanga karibu na kituo, nauli haitakulemea.

Swali: Binti yangu anaondoka mwezi ujao. Je, kuna malaria huko?

Jibu: Mama, mjini tishio ni kidingapopo, na mbu wake huuma mchana. Akipata homa asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa damu; parasetamoli inatosha kwa kuanzia. Lakini homa ikimpata katika wiki za mwanzo, amwambie daktari waziwazi kwamba ametoka Afrika Mashariki, kwa sababu anaweza kuwa ameondoka na malaria nyumbani na daktari wa kule asiifikirie haraka. Bima ya afya ni sharti la pasi yake, kwa hiyo asiogope kwenda kliniki.

Swali: Pasi huhuishwa vipi?

Jibu: Kupitia chuo, na matokeo yako hutazamwa: mahudhurio yasipungue asilimia 80 na wastani wa alama usishuke chini ya 2.0. Anza maombi miezi mitatu kabla ya pasi kuisha, na usiende likizo nyumbani wakati ombi halijakamilika.