Mlango wa plastiki ukigoma au kioo kikiingia ukungu, anza hapa kabla hujanunua mpya

Kwa sie tunaoishi Uingereza, nyumba nyingi zina madirisha na milango ile ya plastiki ngumu, uPVC, na baridi ikianza tu lazima usikie mtu kaambiwa madirisha yake yameisha abadilishe yote, anaingia kwenye mkopo wa maelfu ya pauni, kumbe kilichokufa ni bawaba. Jamani inaniuma sana. Fremu yenyewe ni ngumu kuisha, vinavyoharibika ni vitu vilivyomo ndani yake, bawaba, mkono wa kushikia, kitasa, mpira na kioo, na vyote vinauzwa kimoja kimoja.

Kama umepanga, usitoe hata senti kwanza. Kwa England kuna sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze jengo na sehemu zake za nje, madirisha na milango ya nje ikiwemo. Mwandikie ujumbe, weka picha, tunza nakala. Na kama umenunua flati, soma mkataba wako kabla hujagusa kitu, maana mara nyingi madirisha ni ya mwenye jengo na sio yako.

Haya, mlango. Kesi ya kawaida kabisa ni ule unaoinua mkono wa mlango ndo ufunge, halafu siku hizi mkono hauinuki mpaka uegemee kwa bega. Usilazimishe! Ndani ya ubavu wa mlango kuna chuma kirefu chenye kulabu kadhaa na katikati kuna giaboksi, kile kisanduku kinachosukuma hizo kulabu, ukitumia nguvu kila siku hiyo giaboksi inavunjika, na ikivunjika wakati mlango umefungwa, hapo ndo utamlipa fundi vizuri. Fanya jaribio hili: fungua mlango uache wazi, halafu inua mkono na uzungushe ufunguo. Ukienda laini wakati mlango uko wazi, kitasa ni kizima, tatizo ni mlango umeshuka au umehama kidogo kwa hiyo kulabu hazikutani na matundu yake kwenye fremu. Ukiwa mgumu hata mlango ukiwa wazi, basi giaboksi ndo mgonjwa.

Mlango ulioshuka unarekebishwa kwa alenkii tu, ule ufunguo wa pembe sita. Bandua vifuniko vya plastiki kwenye bawaba utaona skrubu za kuinua na za kusogeza kushoto na kulia. Zungusha robo, jaribu, robo tena, jaribu, na uzungushe bawaba zote kwa kiasi kinacholingana, usikamilishe moja halafu ndo uende nyingine. Bawaba zinatofautiana, kwa hiyo angalia kwanza jina lililochongwa kwenye bawaba yako. Ila kama mlango unakaza siku za jua kali tu, hasa wa rangi nyeusi au wa kijivu, hiyo ni plastiki imetanuka kwa joto, jioni itarudi.

Giaboksi ikiwa ndo imekufa, ichomoe uende nayo dukani, au piga picha ya jina lililopo kwenye chuma na upime vitu viwili: kutoka ukingo wa chuma mpaka katikati ya tundu la mkono, na kutoka katikati ya tundu la mkono mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Hiyo ya pili mara nyingi ni milimita 92, lakini pima ya kwako.

Silinda ya ufunguo, pale unapouingiza, nayo muhimu mno kwa usalama. Zile za zamani mwizi anazivunja katikati kwa koleo, hasa kama zimechomoza nje ya bamba la mkono. Nunua yenye nyota tatu za TS 007, kiwango cha Uingereza cha usalama wa silinda. Kuibadilisha ni skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo: itoe, tia ufunguo uuzungushe kidogo tu huku unavuta, itatoka. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu kwenda nje na kwenda ndani, kila upande peke yake, kwa mfano 35 na 45, usijumlishe.

Sasa ukungu kwenye kioo, hapa ndo watu wanauziwa madirisha mazima bila sababu. Pitisha kidole. Maji yakiwa upande wa chumbani, dirisha halina kosa, ni mvuke wa kupika, kuoga na nguo unazokausha kwenye hita, fungua dirisha kidogo na uwashe feni ya jikoni. Maji yakiwa nje asubuhi ni dalili nzuri, joto lako halitoki. Yakiwa katikati ya vioo viwili, ambapo kidole hakifiki, muhuri wa pembeni umeachia na unyevu umeingia. Hapo unabadilisha kioo tu, fremu inabaki.

Kioo kinashikwa na fito nne za plastiki. Chukua kikwanguo cha rangi kigumu, kisukume katikati ya fito ndefu kuliko zote, pale inapokutana na fremu, pinda taratibu itachomoka, halafu zifuate nyingine na uandike kila moja ilikotoka. Uwe na mtu wa pili na glavu nene maana kioo cha vioo viwili ni kizito na fito zikitoka kinaweza kukuangukia. Pima upana, urefu na unene wote, milimita 28 ni kawaida ila vya zamani vinaweza kuwa vyembamba zaidi. Vile vipande vidogo vya plastiki chini na pembeni ya kioo virudishe palepale vilipokuwa, hasa kwenye mlango, ndivyo vinavyouzuia usilale. Kioo cha mlangoni, au cha dirisha ambacho kiko chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, kiwe cha usalama, kile kilichoimarishwa kwa joto na chenye alama kwenye kona. Hapo usibane hela, hasa ukiwa na watoto. Ghorofani mwachie fundi, na akibadilisha bawaba za chumba cha kulala mwambie dirisha libaki linafunguka wazi kabisa, ndo njia yenu ya kutokea moto ukitokea.

Matunzo hayachukui muda. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Jiki, tina na steelwire weka mbali, zinaua ule mng'aro halafu uchafu unashika zaidi. Chini ya fremu kuna matundu ya kutolea maji, yazibue kwa kijiti, mimina maji kidogo uone yanatoka nje, maana yakiziba maji ya mvua yanaingia ndani na utadhani dirisha limeoza. Mara moja au mbili kwa mwaka tia mafuta mepesi kwenye kulabu na ulimi wa kitasa, sprei ya silikoni kwenye mipira, na unga wa grafiti kwenye tundu la ufunguo badala ya mafuta, mafuta yanakusanya vumbi.

Ikifika kweli fremu imepasuka au imepinda, badilisha. Kwa England na Wales tangu Aprili 2002 kazi hii inatakiwa ithibitishwe, ama kwa kampuni iliyosajiliwa FENSA au CERTASS, mashirika yanayosajili wafungaji wa madirisha, ama kwa kuomba kibali halmashauri, na cheti hicho mwanasheria wa mnunuzi atakidai siku unauza nyumba. Muuzaji akija mlangoni na bei ya leo tu, usisaini, chukua bei sehemu tatu, maana dirisha lililotengenezwa kwa vipimo vyako ile haki ya kughairi ndani ya siku 14 kwa kawaida hailihusu. Na amana lipa kwa kredit kadi: kazi ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, kampuni ikifilisika unaidai benki.