Namna ya Kuandaa Orodha ya Viongozi na Wajumbe wa Bunge la Jimbo kwa Muhula Mmoja: Mfano wa Gauteng, 2019 hadi 2024

Watu wengi huichukulia kazi ya kuandaa orodha ya wajumbe wa bunge kuwa ni kunakili majina tu, na ndiyo maana orodha nyingi zinazosambaa zina makosa yaleyale: aliyejiuzulu katikati ya muhula anaonekana kana kwamba alikaa hadi mwisho, aliyeapishwa baadaye anachanganywa na waliochaguliwa mwanzoni, na waziri aliyeondolewa kwenye wadhifa wake anafutwa hata kwenye ujumbe wa bunge ambao hakuupoteza. Mwongozo huu unatumia Bunge la sita la Jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, lililotokana na uchaguzi wa tarehe 8 Mei 2019 na ambalo huketi katika jengo la zamani la Ukumbi wa Jiji la Johannesburg, kwa kuwa muhula wake ulikuwa na mabadiliko ya kutosha kumfundisha mtu kazi hii.

Anza na viti, si majina. Katiba ya Afrika Kusini inaruhusu bunge la jimbo kuwa na wajumbe kati ya 30 na 80, na katika muhula huo Gauteng ilikuwa na viti 73. Chama cha ANC (African National Congress) kilipata viti 37, DA (Democratic Alliance) 20, EFF (Economic Freedom Fighters) 11, Freedom Front Plus 3, na vyama vya IFP (Inkatha Freedom Party) na ACDP (African Christian Democratic Party) kimoja kimoja. Chora jedwali lenye mistari 73, kila mstari ukiwa kiti kimoja chenye jina la chama chake, kisha ndipo ujaze majina, ukiacha nafasi ya tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Utaratibu huu una msingi wake katika sheria: viti hugawanywa kwa uwiano wa kura ambazo vyama vimepata, na kiti kikiwa wazi chama hukijaza kutoka kwenye orodha yake ya wagombea. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kuona uchaguzi mdogo ukiitishwa katika wadi mwakilishi anapofariki dunia au kujiuzulu, asitafute tarehe za uchaguzi wa namna hiyo Gauteng, kwa sababu hakuna.

Hesabu ya viti inastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kwenda mbele, kwani ndani yake mna habari kubwa kuliko majina. Viti 37 kati ya 73 ni wingi wa kiti kimoja tu: vyama vingine vyote kwa pamoja vilikuwa na 36. Spika alitoka ANC, na kwa mujibu wa Katiba anayeongoza kikao hapigi kura ya kawaida, ila kura zikilingana ni lazima apige kura ya uamuzi. Maana yake ni kwamba siku ambayo kila mjumbe angehudhuria na upinzani wote ukasimama pamoja, matokeo yangekuwa 36 kwa 36, na Spika ndiye angeamua. Kwa hiyo mjumbe mmoja wa ANC akiwa mgonjwa, au kiti kimoja kikikaa wazi kwa wiki chache, mizani ya bunge zima iliweza kubadilika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba orodha isiyo na tarehe haimsaidii anayetaka kuelewa kura fulani ilipitaje.

Kwa upande wa viongozi, fuata mpangilio wa kikao cha kwanza. Katiba inataka bunge jipya likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe. Gauteng ilikutana tarehe 22 Mei 2019. Wajumbe huapishwa kwanza, kisha jaji aliyeteuliwa na Jaji Mkuu husimamia uchaguzi wa Spika, na Spika akishapatikana husimamia uchaguzi wa naibu wake. Waziri Mkuu wa Jimbo (Premier), yaani mkuu wa serikali ya jimbo, naye huchaguliwa na wajumbe kutoka miongoni mwao, jaji akisimamia. Siku hiyo Ntombi Mekgwe, aliyekuwa Spika tangu 2014, alichaguliwa tena, na David Makhura akaendelea kuwa Waziri Mkuu wa Jimbo. Kiongozi wa Upinzani hutoka katika chama kikubwa cha upinzani, na hapa alikuwa Solly Msimanga wa DA.

Sasa tenganisha ujumbe na wadhifa, kila kimoja na safu yake. Chukua mstari wa Panyaza Lesufi: kwenye safu ya ujumbe hakuna badiliko lolote, lakini kwenye safu ya wadhifa ataandikwa kwanza kuwa waziri wa elimu wa jimbo, kisha, kuanzia tarehe 6 Oktoba 2022, Waziri Mkuu wa Jimbo baada ya Makhura kujiuzulu nafasi hiyo. Waandishi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba Waziri Mkuu wa Jimbo huacha kiti chake kama Rais anavyokoma kuwa mbunge anapochaguliwa. Sivyo, yeye na mawaziri wake, ambao ni kati ya 5 na 10, hubaki wajumbe. Vivyo hivyo, Bandile Masuku alipoondolewa kwenye wizara ya afya ya jimbo mwezi Oktoba 2020, uamuzi huo wenyewe haukugusa kiti chake.

Kuhama chama ni jambo jingine kabisa. Katiba inasema mjumbe akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomteua, kiti kinamponyoka. John Moodey alipojitoa DA mwaka 2020, na Makashule Gana mwaka 2022, mistari yao ilifungwa na majina mapya yakaandikwa chini ya vilevile viti vya DA. Usimwandike mrithi kuanzia siku mtangulizi wake alipoondoka: mwandike kuanzia siku alipoapishwa, maana kabla ya kiapo hawezi kufanya kazi ya mjumbe, na katikati andika kwamba kiti kilikuwa wazi. Mwisho wa kazi majina yatazidi 73, ila ukichagua siku yoyote ya muhula ukahesabu, yasizidi idadi hiyo. Yakizidi, kuna tarehe uliyoikosea.

Jimbo hupeleka wajumbe kumi katika Baraza la Taifa la Majimbo, ambalo ni nyumba ya pili ya Bunge la taifa: sita wa kudumu na wanne maalumu. Wale sita wa kudumu huteuliwa na bunge hili, lakini wao si wajumbe wake, kwa hiyo waandike kwenye jedwali la pembeni. Wale wanne maalumu hubaki na viti vyao katika bunge la jimbo.

Kuhusu tarehe ya kufunga mistari iliyobaki, tumia tarehe 28 Mei 2024. Bunge la jimbo huendelea kuwa na mamlaka hadi siku moja kabla ya upigaji kura, na kura ilipigwa tarehe 29 Mei 2024. Tarehe 14 Juni, bunge jipya la viti 80 lilipokutana kwa mara ya kwanza, ni ya kufungulia jedwali la muhula unaofuata.