Ndoo ya rangi si ngazi: namna ya kufanya kazi ya dari bila kuanguka

Mimi ni fundi rangi. Nimepaka kuta za ghorofa ya nne nikiwa juu ya mirunda, sikuteleza hata siku moja. Mkono ulinivunjika nilipoanguka kutoka kwenye ndoo ya lita 20, kitu kisichonifika goti. Nilikuwa namalizia kona tu.

Ukianguka kutoka mita 1.25 unafika sakafuni ndani ya nusu sekunda, kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa. Unatanguliza kiganja, na kifundo cha mkono kinabeba uzito wote.

Hatua ya 1: Shuka kwenye ndoo. Ukijinyoosha pembeni mfuniko unabonyea, ndoo inapinduka. Viti vya plastiki na matofali yaliyopangwa ni yale yale. Funga rola kwenye mti mrefu, upake dari ukiwa chini. Kona zinazobaki ndizo za kupandia ngazi.

Hatua ya 2: Kagua ngazi. Zile za mbao tunazojigongea saiti, kipandio kikishikwa na misumari mitupu, ipo siku kitachomoka. Kikae ndani ya mkato wa mwimo, yaani ule mti wa wima wa pembeni. Na usiipake rangi hata kama imebaki ya bure, maana rangi inaficha nyufa.

Hatua ya 3: Isimamishe. Ngazi ya kuegemeza ikifika mita 4 juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Huna futi ya kupimia? Simama vidole vya miguu vikigusa mguu wa ngazi, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama, imekaa sawa. Kwenye vigae fagia vumbi la jipsamu kwanza. Vumbi hilo linateleza kama sabuni.

Hatua ya 4: Ukiwa juu, kitovu kisitoke nje ya miimo miwili. Kona ikikukwepa, shuka uisogeze ngazi. Najua inachosha, mimi ilinishinda.

Hatua ya 5: Shuka ukitazama ngazi, mikono mitupu, kopo lishuke kwa kamba. Hesabu vipandio wakati wa kupanda, usije ukadhani umefika chini kumbe bado kimoja.

Mwenzako akianguka, msimnyanyue haraka. Akilalamika shingo au mgongo, asisogezwe mpaka msaada ufike. Akigonga kichwa kisha akatapika au akasinzia, ni hospitali, hata kama anasema yuko fiti. Mwajiri aarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, mashahidi watajwe. Kwa Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauhitaji uthibitishe kwamba bosi ndiye mwenye kosa. Saidia fundi wengi hawalijui hilo, wanajitibu kwa posho ya siku.