Kabla magita hayajapanda jukwaani

Kundi letu lina magita saba, na mwezi ujao tuna shughuli mbili: Jumamosi harusi hapahapa Moshi, wiki inayofuata tamasha dogo la kanisani Arusha. Asiyejua atadhani kazi kubwa ni kukariri nyimbo. Nyimbo kila mtu anazimaliza kwake, amekaa kitandani na gita lake. Tunakutana ili tusikilizane, na anayekuja hajui sehemu yake anawaibia wenzake saa mbili nzima.

Tunaanza na kutyuni, yaani kurekebisha sauti ya kila uzi, na hapo hatuna haraka. Kabla ya chochote, hakikisha programu ya kutyuni kwenye simu ya kila mtu inasoma noti ya A kwa hezi 440. Tuliwahi kupoteza karibu nusu saa tukimlaumu mpiga besi bure, kumbe simu ya dada mmoja ilikuwa kwenye 432. Tofauti hiyo ni kama theluthi ya nusu toni: ukipiga peke yako huisikii, ukiingia katikati ya wenzako inakera masikio. Siku hizi anatyuni mmoja kwa simu, wengine tunachukua kwake uzi kwa uzi, na asiyehusika ananyamaza. Anayetumia kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gita, akishaibana anatyuni upya, kwa sababu mkandamizo wake hupandisha sauti kidogo.

Nyuzi mpya zifungwe kama wiki moja kabla, hasa za nailoni, maana zinavutika siku kadhaa kabla ya kutulia. Za akiba zikae mfukoni. Kwenye gita la nyuzi za chuma uzi unaotangulia kukatika mara nyingi ni ule mwembamba wa kwanza. Kwenye la nailoni, ni ule wa nne.

Sasa jambo linaloharibu makundi mengi: saba wote wanapiga kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ileile, mahali palepale, kwa mkono uleule. Hizo ni kelele tu. Bendi za dansi zilishalimaliza tatizo hili zamani. Mpiga solo ana njia yake, mpiga rithimu ana yake, mpiga besi ana yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sisi tunagawana hivi: wawili wanabeba sauti ya wimbo, wawili wanapiga kodi ya C ya kawaida chini, wawili wanabana kapo freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gita) na kupiga kwa vidole umbo la kodi ya G, wa saba ni besi. Umbo la G hapo linatoa C ileile, ila inang'aa kutoka juu, na ghafla watu saba wanasikika kama kundi. Jaribuni hata kwa wimbo mmoja mwone.

Mianzo na miisho ifanyiwe mazoezi peke yake, mara kumi mfululizo ikibidi. Anayeongoza avute pumzi isikike na ainamishe kichwa. Kuhesabu "moja, mbili" kwa mdomo mbele ya maharusi hakupendezi. Kaeni nusu duara ili kila mtu auone mkono wa kiongozi. Halafu fanyeni zoezi la kukosea: mmoja aache kupiga makusudi, wengine waendelee. Mpiga besi wetu ana sentensi moja tu, "Kaka, usisimame, tukutane kwenye kiitikio," na imetuokoa zaidi ya mara moja.

Mkipiga bila spika, ulizeni paa ni la nini. Mvua ya Aprili ikigonga bati, gita halisikiki hata safu ya pili, kwa hiyo maiki ziwepo hata kama mteja anasema ukumbi ni mdogo. Magita yenye kinasa sauti cha umeme ndani mengi hutumia betri ya volti 9, na waya ukiachwa umechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Chomoeni. Fundi mitambo apewe orodha ya magita mapema, asije akashangaa saba wakati yeye ana matundu manne ya kuchomeka waya.

Safari ya Arusha ina yake. Kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, na Julai baridi ya jioni inauma. Uzi wa chuma ukipoa unakaza na sauti inapanda. Taa za jukwaani zikiupasha, inashuka. Basi fikeni mapema, toeni magita kwenye mifuko, yazoee ukumbi, ndipo mtyuni. Msiyaache garini juani wakati mnakula: gundi inalainika na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita, linaweza kunyanyuka.

Kama ni bustanini, beba vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi ya karatasi. Mwaka jana upepo ulichukua ukurasa wa pili wa besi ukautua kwenye meza ya keki, na mpiga besi akaendelea kupiga huku akiutazama kwa mbali.