Somo: Kuzidisha viazi mviringo kwenye chupa ukiwa Nyanda za Juu

Mmea mama kwanza, yaani kiazi unachoanzia. Chukua machipukizi ya kiazi kilichothibitishwa hakina virusi wala mnyauko bakteria. Waulize TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbeya. Chupa huzidisha kila kilichomo, ugonjwa nao umo.

Chakula cha mche ndani ya chupa ni ule mchanganyiko wa chumvi na vitamini wa Murashige na Skoog wa 1962, sukari gramu 30 (ya dukani inatosha) na agari (unga wa kugandisha) gramu 7 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) 5.8. Homoni za nini? Kiazi kinachozidishwa kwa pingili (kipande cha shina chenye jicho) hakizihitaji.

Sasa presha, yaani sufuria ya presha ya kuua vijidudu kwenye chakula na chupa, ambapo wengi wa huku wanaangukia. Maelekezo husema pauni 15, nyuzi 121, dakika 15. Hayo ni ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi: maji yanachemka kwenye nyuzi 94, na pauni 15 za geji zinakupa kama 118 tu. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo, lakini muda unaohitajika unakuwa maradufu. Weka dakika 30. Sufuria ya kawaida, hata ukichemsha kutwa, sahau.

Chovya machipukizi kwenye spiriti ya asilimia 70 sekunde 30, kisha jiki moja kwa maji mawili dakika 10, suuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye presha. Kata pingili yenye jicho moja, simika jicho likitazama juu. Mwanga saa 16 kwa siku, joto nyuzi 20 hadi 22. Baada ya wiki tatu au nne unakata tena.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Makete. Dakika ni zilezile?*
Ongeza. Kadiri unavyopanda, geji inazidi kukudanganya.

*Shikamoo mwalimu. Ute mweupe unatokea kwenye shina, ukungu hamna.*
Marahaba. Ukianzia shinani, bakteria walikuja na mche. Madoa yakitokea mbali na mche, shuku presha au mikono yako. Usifungue chupa, irudishe kwenye presha kwanza, ndipo uoshe.

*Naweza kupeleka miche shambani moja kwa moja?*
Itakauka. Osha agari yote mizizini, panda kwenye mchanga uliochemshwa, funika kwa nailoni na uifunue kidogo kidogo. Ikizoea, ilee ndani ya banda la neti ikupe viazi vidogo. Hivyo ndivyo mbegu ya shambani.