Kutambua kisanamu cha mungu wa nyumbani, Roma ya kale: anza na mikono

Kazi yangu ni kuandikia makumbusho maelezo ya vitu vya kale, na visanamu vya bronzi vilivyokaa kwenye vialtare vya majumbani mwa Warumi ndo navipenda kuliko vyote. Vingi vinaenea kiganjani. Ukikutana nacho kimoja, fanya hivi.

Hatua 1. Achana na uso, sura nyingi zimesagika na miungu wenyewe wanafanana, we tazama mikono. Mfuko wa hela na fimbo yenye nyoka wawili, huyo Mercury, mungu wa biashara. Usukani wa meli na pembe iliyojaa matunda, Fortuna. Radi, Jupiter.

Hatua 2. Vya mkononi vimekatika? Kawaida sana, ni vyembamba. Basi panda kichwani: kofia ya mabawa ni Mercury tena, helmeti kwa mwanamke ni Minerva, na jamaa aliyejitanda toga, lile vazi la shuka la Warumi, mpaka kichwani kama anayetoa sadaka mara nyingi ni Genius, yaani roho mlinzi wa baba mwenye nyumba.

Hatua 3. Hapa ndo patamu. Kijana mwenye kanzu fupi iliyofungwa kiunoni inapepea, yuko kwenye ncha za vidole kama anacheza, mkono mmoja juu na pembe ya kunywea, huyo ni Lar, mlinzi wa nyumba. Andika ni mkono upi umeinuka, maana hawa walikaa wawili wawili, mmoja akiinua wa kulia mwenzie anainua wa kushoto, so ukiwa na mmoja ujue kuna pacha kapotea. Tafuta picha ya ukutani ya nyumba ya Vettii kule Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo: Genius katikati, Lar huku na huku, nyoka chini. Ukishaiona hutomchanganya tena Lar na mtu.

Hatua 4. Pindua uone nyayo. Kitako, yaani kile kibao kinachosimamia, mara nyingi kilitengenezwa peke yake, kwa hiyo usiamini haraka kwamba vyote viwili vilizaliwa pamoja, hasa kama kimepita kwa wauzaji.

Hatua 5. Usisugue! Ule ukijani mgumu uache. Ila ukiona unga wa kijani mpauko unapukutika, hiyo ni kutu inayotafuna bronzi kwa chumvi na unyevu, kiweke pakavu umwite mtaalamu wa uhifadhi, siku hiyo hiyo.