Barabara ikifungwa Dom, usitembee pembeni

Watu wengi hapa Dodoma wakisikia barabara imefungwa wanaanza kulalamika, mara boda itapita wapi, mara kanisani nitafikaje, wakati mi naona ndo asubuhi tamu kuliko zote mjini maana kwa masaa mawili matatu lami yote ni ya mwenye miguu.

Ila jua kwanza imefungwa kwa ajili ya nini. Kama ni msafara wa viongozi hamna raha hapo, kaa mbali, trafiki hana muda na selfi zako. Kama ni marathon au joging ya klabu za mtaani, hapo sasa, ila waachie wakimbiaji njia yao, we subiri yule wa mwisho kabisa apite (mpigie makofi, anastahili kuliko wa kwanza) halafu kabla hawajaanza kuokota koni ingia barabarani.

Toka mapema. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma asubuhi ni baridi na upepo, vaa sweta, lakini ikifika saa nne jua linachoma na vumbi limeamka, usiseme sikukwambia. Maji beba ya kwako, na uwe na chenji maana choo cha kulipia hakikusubiri ukatafute chenji ya elfu kumi.

Na usiende na gari ukapaki jirani, utashindwa kutoka. Mi niliwahi kufanya hivyo, nikakaa kwenye usukani zaidi ya saa nzima naangalia watoto wanacheza rede mbele ya boneti.

Ukishaingia, tembea katikati. Utacheka ila ni ngumu, tumezoea kubanana na mtaro, mara ya kwanza mi nilijikuta natembea pembeni kabisa wakati barabara nzima tupu, kila baada ya hatua kumi nageuka nyuma kama kuna bajaji. Nenda zako kwenye mstari mweupe, taratibu, inua macho. Pale Uhindini kuna maghorofa ya zamani ambayo ukiwa kwenye daladala huyaoni, unaona fremu za chini tu. Ukichoka nenda Nyerere Square ukae kivulini.

Wenye watoto waleteeni baiskeli, ndo siku ya kumfundisha mtoto bila roho kuruka, ila msiachie macho kwenye makutano kwa sababu boda Dom koni kwake ni pambo tu, anapenya. Mwambie mtoto akifika kona asimame, hata kama kona imefungwa kamba. Na simu iweke mfuko wa mbele, kwenye watu wengi wapo na waliokuja kazini.

Wenzetu hawasubiri marathon. Kigali walianza siku yao ya bila magari mwaka 2016, Jumapili asubuhi barabara zinafungwa watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, na Bogotá kule Colombia wameanza tangu 1974, kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100. Hapa hata barabara moja tu ya katikati ya mji, Jumapili moja kwa mwezi, ingetosha kuanzia, na wauza karanga na zabibu wangeshukuru.

Kwenye kula usijibane. Ila kula kabla ya kutembea ni kosa, tumbo linakuwa zito, we zunguka kwanza.

Ukiona trafiki wanaanza kukusanya koni usijifanye una haki ya dakika tano, toka, wale waliozuiwa kule mbele wana hasira za asubuhi nzima. Mi huwa nakatiza Majengo moja kwa moja, supu ya mbuzi na chapati mbili, ukichelewa unakuta mchuzi tu.